Semina moja, mwongozo mmoja, vituo viwili: mbona kimoja kinafanya na kingine kimeacha?

#1 Mnasihi_Bondeni (Nakuru)
Habari za jioni wanajukwaa. Kazi yangu ni ushauri nasaha, na kuna jambo linanikera.

Wakati fulani vituo vyetu viwili vilipeleka watu kwenye semina ya PM+, ule mpango wa WHO wa vikao vitano kwa mtu mwenye msongo, huzuni au wasiwasi. Hoteli moja, wakufunzi walewale, mwongozo uleule, hata mabegi tulipewa ya rangi moja. Leo ukienda kituo A (nakiita A, msinitafutie maneno) mteja anapata vikao vyake vyote, kila wiki kimoja, karibu saa moja na nusu, na anaondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Ukija kituo B, mteja anasikilizwa, anaambiwa ajipe moyo, aombe Mungu, arudi akizidiwa. Mwongozo nimeuona mwenyewe: umebanwa dirishani lisigonge upepo ukivuma.

Wahudumu wote ni watu wazuri. Tofauti niliyoiona mimi ni msimamizi wao wa karibu. Simsemei mkurugenzi wa kaunti wala daktari wa akili anayepita mara mojamoja. Namsemea yule anayepanga zamu na kusaini likizo. Wa A, Ijumaa mkikaa, anauliza: "Yule mama wa kikao cha tatu, ulifanya naye nini? Nionyeshe." Wa B anauliza: "Wiki hii mmeona wangapi?" Basi, fomu zinakusanywa, watu wanaenda nyumbani.

Madai yangu ni haya: tiba iliyothibitishwa na utafiti huponea au hufia kwenye kile kikao cha Ijumaa. Nipingeni.

#2 Section58
Posho. Swali limejibiwa, uzi ufungwe 😂

#3 Mnasihi_Bondeni
@Section58 wote walipewa posho sawa, na wote hawajaona senti tangu siku ile. Jaribu tena.

#4 SisterKondele (Kisumu)
Nakuunga mkono, ila usimfanye msimamizi mganga.

Mimi ni muuguzi. Tulikuwa na msimamizi mmoja, sasa amestaafu. Mkishakaa anasukuma mafaili pembeni, anavua miwani, anasema: "Haya, mimi ndiye mteja. Mume wangu amekufa, mashemeji wamechukua mashua na nyavu, silali usiku. Anza." Halafu ananyamaza kabisa. Wewe unaanza: pole mama, jipe moyo, yatapita. Anakukatiza: "Hapo umenihubiria. Mwongozo unakuambia uniulize nini?" Jasho linakutoka mbele ya wenzako. Ukikwama mnabadilishana viti, wewe unakuwa mteja na yeye anakuonyesha. Zoezi la kupumua alikuwa analihesabu kwa vidole juu ya meza, polepole, mpaka unajikuta unapumua naye.

Alipoondoka akaja mtu mpole zaidi, hata chai alikuwa anatununulia. Kikao kikageuka cha kusimuliana: nina mama fulani, ana shida hii na ile. Wote tunasema pole, kila mtu anatoa ushauri wake, tunatawanyika. Haikuchukua muda, hakuna aliyekuwa anafanya tena zoezi la kupumua na mteja. Hakuna aliyetukataza. Ni kwamba halikuwa na mtu wa kuliulizia.

#5 Mchele_wa_Ahero
Sister, hapo ni Russia? 😂

#6 SisterKondele
Sikutaja hospitali na sitataja. Kisumu ina vituo tele, mtoto wa Ahero.

#7 Mchele_wa_Ahero
Sawa mama. Kwa wageni: Russia ni ile hospitali ya Jaramogi, Wasovieti walisaidia kuijenga enzi za Mzee Kenyatta na jina halijabanduka hadi leo.

Turudi kwenye mada. Hii PM+ si ndiyo ile ya Zimbabwe ya nyanya (mabibi wazee) kukaa na watu kwenye benchi? Wale nyanya hawana bosi wala msimamizi na dunia nzima inawasifu. Kwa hiyo madai ya #1 yameanguka.

#8 Kitabu_Wazi (Eldoret)
Umechanganya vitu viwili, ndugu. Benchi la Urafiki lilianzishwa na Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, mwaka 2006 kule Mbare, Harare. PM+ ni ya WHO. Mwongozo wake ulitoka 2016, na jaribio mojawapo la mwanzo lilifanyika hapahapa kwetu, viungani mwa Nairobi, kwa wanawake 421. Matokeo yalichapishwa 2017. Waliotoa huduma walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Na nyanya wa Harare pia wanasimamiwa, hawakuachiwa benchi wakaambiwa kwaherini.

Kuhusu semina: kuna utafiti wa William Miller na wenzake, Marekani, 2004, juu ya mahojiano ya kumhamasisha mlevi aache pombe. Walichukua watu 140 wa kazi hiyo. Waliopata semina peke yake, ujuzi uliteremka baada ya miezi michache. Waliosikilizwa kanda zao na kupewa majibu, au waliopigiwa simu na mtu wa kuwaelekeza, waliushikilia. Kwa hiyo #1 ana hoja, ila utafiti huo haukusema lazima awe bosi wako. Anaweza kuwa mtu yeyote anayejua.

#9 Section58
Kumbe ni simu tu? Safaricom ndio wasimamizi basi.

#10 Mwalimu_Kanduyi (Bungoma)
Hamjambo. Niongeze la shuleni.

Huku kwetu kuna mpango uitwao Pamoja Tunaweza, wa watoto waliofiwa na wazazi. Walimu na wahudumu wa afya wa jamii ndio wanaoendesha makundi. Ni tiba ya kukabili kiwewe, vikao 12 vya kundi, walezi nao wanakaa upande wao, na katikati kuna vikao vya mtoto mmojammoja.

Vikao hivyo vya mmojammoja ndipo kila mtu anapotafuta mlango wa kutorokea. Mtoto anatakiwa asimulie siku ile: alikuwa wapi, nani alimwambia, aliona nini, kitu gani kinamrudia usiku. Wewe mwalimu unajua mama yake, pengine ulibeba jeneza. Unasema aa, tusimuumize mtoto, tucheze mchezo. Ukicheza mchezo umemwacha na mzigo wake palepale.

Aliyenisimamia hakuwa na digrii ya saikolojia. Alikuwa mtu wa hapa Bungoma aliyewahi kuendesha makundi hayo mwenyewe tangu wakati wa majaribio. Anakuja na boda, anaketi, swali lake la kwanza: "Wiki hii umeruka wapi?" Hakuniuliza kama nimeruka. Hapo huwezi kudanganya, kwa sababu na yeye aliwahi kuruka na akanieleza alivyojisikia. Nadhani siri iko hapo: msimamizi aliyeifanya kazi yenyewe. Na inafanya kazi, utafiti ulionyesha hivyo Kenya na Tanzania.

#11 Machame_Juu (Moshi)
Shikamoo mwalimu. Wakuu, naomba kurekebisha kidogo kwa sababu na sisi Moshi tulikuwemo.

Majaribio hayo yalihusisha watoto 640 waliofiwa, Bungoma na Moshi, mjini na vijijini, na yalichapishwa 2020. Kwenu Bungoma, watoto waliopata tiba waliendelea kuwa na nafuu kuliko wenzao hata mwaka mmoja baada ya tiba kuisha. Kwetu, ukifika mwaka huo, watoto waliopata huduma za kawaida nao walikuwa wameshapanda karibu sawa.

Sasa nauliza @Mnasihi_Bondeni: mafunzo ya aina moja, usimamizi wa aina moja, nchi mbili, matokeo tofauti. Hapo msimamizi anaeleza nini? Mimi naona mazingira. Mtoto anarudi kulala kwa nani, anakula nini, shule inamtoza nini. Mnampa msimamizi sifa ambazo pengine ni za shangazi wa mtoto.

#12 Mnasihi_Bondeni
Marahaba ya mwalimu naidaka mimi. Hoja yako nzito mkuu, lakini ni swali lingine. Wewe unauliza kama tiba ilimsaidia mtoto zaidi ya huduma ya kawaida. Mimi nauliza kwa nini tiba inafanyika au haifanyiki. Dawa inaweza kumezwa vizuri na bado mgonjwa asipone.

#13 Machame_Juu
Na inaweza isimezwe akapona. Ndio maana nasema tusiharakishe kumvika mtu taji.

#14 Inchaji_Mchovu (Molo)
Nimesoma kimyakimya, imebidi nijibu. Mimi ndiye huyo mnayemsema, wa kituo B. Si B chenu, B changu, lakini ni yuleyule.

Napanga zamu. Nasaini likizo. Nahesabu dawa, nafuatilia fundi wa jenereta, na tarehe tano simu ya kaunti inalia ikitaka ripoti ya mwezi. Nilipewa cheo kwa sababu nilikuwa nimekaa kituoni kuliko wenzangu, hakuna aliyenipima kama najua kumfunza mtu kuendesha kikao. Semina mnayoisifu mimi sikuitwa. Walichukuliwa wahudumu, mimi nikaachwa kuziba zamu zao. Sasa nimuulize mtu "kikao cha tatu ulifanya nini" wakati sijui kikao cha tatu kina nini? Akinirudishia swali nitaweka wapi uso? Namba najua kuuliza. Na mimi huulizwa namba. Tangu nianze, hakuna mtu wa juu aliyewahi kunipigia kuuliza kama mteja alipumua.

#15 SisterKondele
Pole dada au kaka. Hiyo ya kuachwa kuziba zamu umeniumiza, kwa sababu ni kweli kabisa. Semina hupewa wanaofanya, anayewauliza hupewa orodha ya mahudhurio.

#16 Mchele_wa_Ahero
Dada au kaka, jina lako peke yake linahitaji vikao vitano.

#17 Afya_Mashinani (Kakamega)
Mimi nasimamia CHP, wahudumu wa afya wa jamii, wale mnaoendelea kuwaita CHV (jina lilibadilika 2023, jamani). Wanalipwa 5,000 kwa mwezi, 2,500 serikali kuu na 2,500 kaunti, zikija. Kwa hiyo @Section58 hajakosea sana.

Lakini sikilizeni hili. Tunatumia fomu ya PHQ-9, maswali tisa ya huzuni, alama 0 hadi 27. Ukifika 10 tunakuangalia kwa karibu. Siku moja nikakaa na rundo la fomu za eneo moja. Kila mteja alianza na 14 akamaliza na 6. Wino uleule, hata mwandiko ulikuwa umelala upande uleule. Na swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, sifuri kwa wote. Wote! Kijiji chenye vilio vile?

Ningeweza kumkemea. Nikamwita tukakaa chini ya mwembe, nikamuuliza tu kuhusu swali la tisa. Akasema: "Lile huwa siliulizi. Akijibu ndiyo, nitafanyaje? Niko peke yangu kwa boma la mtu, saa kumi na mbili jioni." Nikampa namba yangu, tukaandika kwenye daftari lake hatua za kufuata: usimwache peke yake, muulize kama ana njia ya kufanyia na iondolewe karibu naye, nipigie hapohapo. Tukaigiza mpaka akaweza kulisoma swali bila kuangalia chini. Fomu zilizofuata hazikuwa na sifuri tupu tena. Alama za mwisho zikawa mbaya kuliko zamani, na ofisini nikaulizwa mbona kazi imeshuka.

#18 Section58
Hiyo sentensi ya mwisho 😂😂 Umefanya kazi vizuri, ukaonekana umeharibu.

#19 Mchele_wa_Ahero
Lakini huyo CHP alikuwa na haki ya kuogopa. Kujaribu kujiua ni kosa, polisi wanakuja, na yeye anaitwa shahidi.

#20 Kitabu_Wazi
Ilikuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Na sheria ya afya ya akili ilikwisha fanyiwa marekebisho 2022. Waambieni wahudumu wenu, maana wengi bado wananong'ona kama zamani.

#21 Mchele_wa_Ahero
Haya mheshimiwa jaji. Mimi kazi yangu ni kuwatega mjibu.

#22 Mzee_wa_Nasaha (Nakuru)
Vijana, nimefanya kazi hii kabla hizi fomu hazijazaliwa. Mnaongea kana kwamba mwongozo ndio tiba. Mtu anayelia hahitaji ukurasa wa 34. Nimeona wahudumu wa "kituo A" wakimwambia mama aliyezika mtoto juzi kwamba leo ni zamu ya kutatua matatizo, maombolezo hayamo. Msimamizi anayekagua hatua kwa hatua hutengeneza makarani. Kituo B wanasikiliza, na mtu akisikilizwa vizuri hurudi nyumbani ameinua kichwa. Mnajuaje kwamba hawaponi?

#23 SisterKondele
Shikamoo mzee. Yule wetu wa miwani angemfukuza chumbani mtu anayemwambia mfiwa hivyo. Kusikiliza ni sehemu ya mwongozo, tena ya kwanza.

#24 Mzee_wa_Nasaha
Marahaba mwanangu. Basi alikuwa msimamizi mzuri ambaye angekuwa mzuri hata bila mwongozo. Mmeona?

#25 Nimepona_Nusu
Samahani, mimi si mhudumu. Niliwahi kuwa mteja, kwa nyakati tofauti, mahali pa kusikilizwa na mahali pa vikao.

Pa kusikilizwa nilipapenda. Yule dada alikuwa na roho nzuri, nililia, nikaenda nyumbani nafuu, Jumatatu nikawa palepale. Pa vikao mwanzoni niliwachukia. Kijana alinipa kazi: chagua kitu kimoja ulichokuwa unakipenda, kigawe vipande, fanya kipande kimoja. Nilikuwa nashona. Kipande changu cha kwanza kilikuwa kutoa cherehani chini ya kitanda, basi. Kushona hapana, kuitoa tu. Niliona upuuzi. Wiki iliyofuata akaniuliza, "Cherehani iko wapi?" Iko chini ya kitanda. Hakunigombeza, akakigawa tena: vuta kitambaa kilichoifunika.

Baadaye sana alinieleza kwamba siku ile alitaka kuniachia, aendelee na mambo mengine. Msimamizi wake ndiye aliyemwambia asiruke, akigawe kipande kiwe kidogo zaidi. Mimi huyo msimamizi sijawahi kumwona uso.

#26 Mwalimu_Kanduyi
Ahsante sana kwa kutuambia. Sasa hivi unashona?

#27 Nimepona_Nusu
Sare za shule. Karibu na oda, mwalimu.

#28 Afya_Mashinani
@Mzee_wa_Nasaha umesikia lakini? Alipenda pa kusikilizwa, Jumatatu akawa palepale.

#29 Mzee_wa_Nasaha
Nimesikia. Na mimi ninao wengine kumi watakaosema kinyume, ila hawaandiki mitandaoni.

#30 Kitabu_Wazi
Kwa hofu ya mzee kwamba ukaguzi unazaa makarani na kuwachosha watu: Gregory Aarons na wenzake walifuatilia watumishi wa huduma za familia kule Oklahoma, Marekani, wakachapisha 2009. Waliodumu zaidi kazini ni wale waliokuwa na mpango wenye ushahidi pamoja na mtu wa kuwafuatilia, lakini ufuatiliaji ule uliletwa kwao kama msaada, si kama kesi. Ndiyo tofauti ya "umeruka wapi" ya mwalimu na "mbona umeruka" ya ofisi nyingi.

Aarons huyohuyo alitengeneza kipimo cha uongozi, maswali 12, kinachotazama kama kiongozi anatangulia kuondoa vikwazo, anaijua tiba yenyewe, anawasaidia wanaojifunza, na anang'ang'ana mambo yakiwa magumu. @Inchaji_Mchovu, ukiangalia, hilo la pili ndilo walilokunyima walipokuacha kwenye zamu.

#31 Machame_Juu
Oklahoma ina lami mpaka jikoni. Mhudumu wa kwetu anaacha kazi kwa sababu nauli imepanda.

#32 Mtu_wa_Mradi
Mnazunguka. Niseme nisiloruhusiwa kusema: wasimamizi wazuri wengi walikuwa wanalipwa na miradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu walipokea barua, ofisi zikafungwa, magari yakarudishwa. Wahudumu wa serikali walibaki na mwongozo, aliyewauliza maswali ya Ijumaa akarudi kwao kulima. Kwa hiyo ndiyo, ni msimamizi. Lakini nyuma ya msimamizi kuna mshahara, na nyuma ya mshahara kuna bajeti ambayo haijawahi kuwa na mstari ulioandikwa "kukaa na wahudumu saa moja kila wiki". Kituo A cha #1, ningependa kujua msimamizi wake analipwa na nani.

#33 Mnasihi_Bondeni
Kaunti. Analipwa sawa na wa B.

#34 Mtu_wa_Mradi
Basi subiri ahamishwe.

#35 Mnasihi_Bondeni
Hapo umenigusa, kwa sababu barua ya uhamisho inasemekana iko njiani. Tutapata jibu bila utafiti.

#36 Section58
Wekeni dau. Mimi nasema miezi michache na mwongozo wa A nao unapata dirisha.

#37 SisterKondele
Na mimi nasema inategemea kama kuna mhudumu mmoja pale ameshazoea kuuliza wenzake. Kwetu baada ya yule wa miwani, tungekuwa na mmoja tu mwenye uso mgumu, mambo yasingelala. Mimi nilikuwa naogopa kuonekana najifanya bosi.

#38 Inchaji_Mchovu
Swali la kikazi, wenye kujua. Nisiyefunzwa nianzie wapi? Sitaki hadithi, nataka kitu cha Ijumaa hii.

#39 Afya_Mashinani
Waambie wakufunze wao. Mmoja awe mteja, mmoja aendeshe, wewe keti na mwongozo mkononi ufuate mstari. Utajua kikao cha tatu kabla ya chai.

#40 Kitabu_Wazi
Kuna kipimo kinaitwa ENACT, Brandon Kohrt na wenzake walikianzisha Nepal. Unamtazama mhudumu akiigiza kikao na kumpa alama: anasikiliza vipi, anaulizaje kuhusu kujidhuru, anahakikisha mteja ameelewa au anahubiri. Kiko kwenye jukwaa la EQUIP la WHO na UNICEF, ni bure, unajisajili tu.

#41 Mzee_wa_Nasaha
Fomu nyingine.

#42 Mwalimu_Kanduyi
Mzee, hii ina sehemu ya kusikiliza. Ungepata alama zote.

#43 Mzee_wa_Nasaha
Nitumie basi niione kwanza.

#44 Inchaji_Mchovu
Nimejaribu kujisajili. Imenitumia barua pepe ya kuthibitisha na mtandao wa Molo umelala tangu mvua ianze. Mwenye nakala aitume kwa ujumbe wa faragha. Kuhusu Ijumaa, nimeshawaambia mkutano upo, wameniuliza kama waje na rejista.